Rono ndani ya kitabu cha maziwa

Mwenzetu ameuliza kwa nini kifo cha mkimbiaji wetu Henry Rono, kilichotokea Nairobi mwezi Februari 2024, kiliwaliza watu wa rika letu kana kwamba wamefiwa na ndugu, ilhali watoto wetu hawalijui hata jina lake. Siwezi kuwajibia wote. Nitaeleza ya nyumbani kwetu tu.

Mwaka 1978 nilikuwa na umri wa miaka tisa, nasi tuliishi Nandi, alikozaliwa Rono mwenyewe, ingawa hatukuwa na undugu naye wala hatukuwahi kukutana naye. Baba alikuwa na kitabu cha maziwa, lile daftari la jalada gumu ambamo karani wa kituo aliandika lita tulizopeleka kila asubuhi. Ndani ya jalada la nyuma, Baba aliandika kwa wino wa buluu nyakati nne: 13:08.4 za mita 5,000, 8:05.4 za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, 27:22.4 za mita 10,000, na 7:32.1 za mita 3,000. Kando ya kila moja aliandika mji: Berkeley, Seattle, Vienna, Oslo. Hizo zilikuwa rekodi nne za dunia zilizovunjwa na mtu mmoja kati ya tarehe 8 Aprili na tarehe 27 Juni, yaani siku 81. Tone la maziwa lilifutilia mbali nusu ya neno Vienna, na kwa miaka mingi niliamini kuwa mji huo unaitwa Vie.

Mwezi Agosti Rono aliongeza medali mbili za dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton. Tulikuwa bado tunasimuliana habari hizo wakati redio ile ile iliyotuletea ilipotutangazia kifo cha Mzee Kenyatta, na hadi leo mambo hayo mawili hayaachani kichwani mwangu.

Olimpiki hakuwahi kukimbia hata moja. Mwaka 1976 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia michezo ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na mwaka 1980 Kenya ikasusia ya Moscow. Mama hakuwa shabiki wa riadha, lakini jambo hilo lilimuudhi kuliko sisi sote.

Kisha zikaja habari za pombe, ambazo Rono mwenyewe hakuzificha baadaye: jinsi ulevi ulivyommaliza, hata akawa analala katika makao ya watu wasio na nyumba huko Marekani. Kwetu habari hizo zilikuta mlango wazi, kwa maana baba yangu mdogo, ambaye shuleni hakuna aliyemfikia kwa mbio, alikuwa tayari amezama katika chang'aa. Jioni moja alirudi akipepesuka, na shangazi akamwambia mbele yetu watoto kwamba ataishia kama Rono. Baba aliweka kikombe chini, akamgeukia dada yake na kumuuliza polepole, "Huyo unayesema ameishia, wewe ulimwona akianza?" Hakuna aliyejibu. Tangu siku hiyo jina la Rono halikutumiwa tena kumsutia mtu katika boma letu.

Baba mdogo alifariki mwaka 1994. Rono alikuja kuacha pombe, akafundisha wanariadha, akarejea Kenya mwaka 2019. Kila niliposoma kwamba anaendelea vizuri nilifurahi, na papo hapo nikaona uchungu ambao sikuwa na wa kumlaumu kwa ajili yake.

Rono alipofariki nilimpigia Baba simu, kwa kuwa macho yake hayasomi tena gazeti. Alinyamaza kwa muda, kisha akanitajia zile nyakati nne bila kukosea, pamoja na miji yake. Baadaye akauliza kama magazeti yametaja pombe. Nikamwambia yametaja.

"Wameanza nayo, au wameishia nayo?"

Nilimjibu kwamba lile nililokuwa nalo mkononi lilikuwa limeanza na zile siku 81. Akasema, "Haya basi, nisomee."