4,294,967,297 si tasa, na huhitaji kompyuta kulijua hilo

Mkuu, unasema umeigawa 4,294,967,297 kwa namba tasa zote hadi 600 ikagoma, halafu kipimo cha Fermat kwa 2 (pandisha 2 kwa kipeo cha namba yako ukitoa 1, gawa kwa namba yenyewe; ikiwa tasa, baki lazima iwe 1) kikaipitisha, ndiyo maana unaiona tasa. Si tasa. Ni 641 × 6,700,417, na hizo mbili ndizo tasa. Ungevumilia namba tasa saba zaidi ungeinasa.

Kwanza hicho kipimo. Namba yako ni 2^32 + 1, kwa hiyo ukigawa 2^32 kwa namba hiyo, baki ni sawa na −1. Ipandishe kipeo cha pili, 2^64 inabaki 1. Sasa kipimo kinauliza baki ya 2 kwa kipeo cha 2^32, na 2^32 ni kigawe cha 64, basi lazima jibu liwe 1. Hapo 2 ni shahidi aliyenunuliwa. Namba zote za umbo 2^(2^n) + 1 zinapita hivyo hivyo, ziwe tasa zisiwe. Jaribu kwa 3 uone.

Fermat mwenyewe, mwanahisabati, aliamini zote za umbo hilo, zinazoitwa namba za Fermat, ni tasa. Tano za kwanza, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, ni tasa kweli. Hii yako ni ya sita, na mwanahisabati Euler aliipasua mwaka 1732.

Mimi namba za aina hii huwa sianzi kugawa ovyo, naangalia umbo. Kigawo chochote tasa cha namba yako lazima kiwe 128k + 1, k ikiwa namba nzima. Orodhesha: 129, 257, 385, 513, 641. Tasa humo ni 257 na 641 tu, na 257 haiwezi kwa sababu nayo ni namba ya Fermat, na namba za Fermat hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1. Imebaki 641.

Na hata kugawa si lazima. 641 ni 5 × 2^7 + 1, tena ni 5^4 + 2^4. Kwa baki za 641, yaani ukiangalia tu kinachobaki ukigawa kwa 641, 5 × 2^7 ni −1, hivyo 5^4 × 2^28 ni 1. Kwa kuwa 5^4 + 2^4 inabaki 0, badilisha 5^4 kwa −2^4, unapata −2^32 = 1. Basi 2^32 + 1 inagawanyika. Mistari miwili ya kalamu! Mimi sijaona uthibitisho mtamu kuliko huu.

Makundi mengine: ni witiri, ina vigawo vinne tu, na ni pungufu, maana vigawo vyake ukiiacha yenyewe vinajumlika 6,701,059, chini ya namba yenyewe. Pia ni jumla ya vipeo vya pili kwa njia mbili: 65,536² + 1² na 62,264² + 20,449². Witiri iliyo tasa haiwezi kuwa na njia mbili, kwa hiyo hilo peke yake lilitosha kuiumbua.

Ukitaka zoezi, chukua 2^64 + 1. Umbo la vigawo ni 256k + 1, anzia k = 1,000 usichoke mapema.