AC ya Corolla ya 1998 inapuliza hewa ya moto

Usinunue kompresa (pampu inayosukuma gesi ya AC) bado, kaka. Kama ubaridi ulipungua polepole kwa miezi, uwezekano mkubwa ni gesi kuvuja, hata kama fundi kakwambia kompresa imekufa.

Washa injini na AC, fungua boneti, tazama kisahani cha klachi mbele ya puli ya kompresa. Kikisimama wakati puli inazunguka, cheki fyuzi na rilei, hizo ni bei ya soda. Ila kumbuka kuna swichi ya presha inayokata umeme makusudi gesi ikipungua, ili kompresa isisagike. Kwa hiyo fundi aweke geji gari likiwa limezimwa na kupoa: kwenye nyuzi 30, R134a (gesi ya AC ya gari hili) isome karibu psi 100 pande zote mbili. Ikisoma 30, gesi karibu imekwisha.

Hapa ndipo watu wanapoliwa hela, wanajaziwa tu gesi na inavuja tena. Tafuta mafuta yaliyoshika vumbi kwenye maungio ya mabomba na kwenye kondensa (rejeta ya AC iliyo mbele ya gari), huko ndiko inakopitia. Wabadili oringi (vipete vya mpira vya kuziba maungio), na draya pia (kichujio kinachonyonya unyevu) maana mfumo umefunguliwa, wavute vakyumu, yaani wanyonye hewa na unyevu wote kwa pampu, angalau nusu saa, halafu wajaze kwa mzani kufuata gramu za kwenye stika ya boneti. Fundi anayejaza kwa kushikashika bomba na kusema "tayari", mkimbie.

Ikiwa inapooza ukitembea lakini kwenye foleni inaleta joto, anza na feni ya kondensa.