Majibu ya mkojo yakiandikwa "yisti" usiyakunje ukaweka mfukoni

Mzee wangu ana sukari mwaka wa 11 huu, mwaka juzi tezi dume ikamziba akawekewa mpira wa mkojo. Haukupita mwezi akaanza homa za jioni, mkojo mzito, kiuno upande wa kushoto hakilaliki. Sisi tukasema UTI hiyo. Dukani tukapewa antibayotiki ya sipro, ikaisha homa ikarudi, tukapewa azuma, ikarudi tena, zahanati wakamchoma sindano siku 5, kila tukipima tunaambiwa UTI sugu, yani hiyo sugu tukaizoea kabisa, na katikati hapo kuna karatasi ya maabara nilishika kwa mkono wangu imeandikwa bakteria hakuna, yisti nyingi, nikaisoma nikapita kwa sababu sikujua ndo nini.

Jamani yisti ni fangasi, mara nyingi ni yule anaitwa Candida. Dawa za bakteria hazimgusi, tena zinamfungulia njia maana zinaua bakteria wazuri waliokuwa wanamzuia asizaliane. Sukari ikitoka kwenye mkojo anaila, na ule mpira anang'ang'ania humo humo ndani, halafu anapanda juu.

Kwenye mfuko wa mkojo nilikuwa naona vipande vyeupe laini, kama maziwa yaliyokatika. Nikadhani usaha. Tulipofika hospitali kubwa daktari akanieleza yale ni mabonge ya fangasi wenyewe, yakikwama kwenye mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo, mkojo unarudi nyuma na figo inavimba. Utrasaundi ikaonyesha zote mbili zimevimba, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, ikipanda ujue figo zimezidiwa) 480 wakati mwanaume mzima inatakiwa isizidi kama 110 hivi. Wakamtoboa mgongoni wakapitisha kimpira mpaka kwenye figo mkojo upate pa kutokea, ule wa chini wakatoa wakaweka mpya, na dawa ya fangasi, flukonazoli, wiki 2 kwa dozi waliyopunguza kwa ajili ya figo. Kreatinini ikashuka ikaishia 190, mpaka leo imegoma hapo. Inaniuma sana.

Msiogope wote lakini. Fangasi za miguuni au za ukeni kwa kawaida haziendi kwenye figo, na mwenye mpira akikutwa na yisti bila homa wala maumivu mara nyingi hapewi hata dawa, mpira unatolewa au unabadilishwa basi. Wa kumkazia macho ni mwenye sukari, mwenye mpira, aliyemeza antibayotiki dozi juu ya dozi au kinga yake imeshuka, na homa haimwachi. Huyo usimrudishe dukani. Omba mkojo uoteshwe maabara ili kijidudu kilichomo kikue kijulikane, uliza ni fangasi wa aina gani maana kuna wengine flukonazoli haiwawezi, na kreatinini na utrasaundi vifanyike siku hiyo hiyo. Kiuno kikimuuma usimpe diklofenaki, sisi tulimpa karibu wiki nzima kumbe nayo inaumiza figo.

Sasa hivi mpira wa mzee unabadilishwa kila baada ya wiki 4, tarehe nimeiandika kwa makapeni ukutani pembeni ya kitanda chake. Karatasi zote za vipimo nimeziweka kwenye bahasha moja ya kaki, tukienda kliniki namkabidhi daktari zote, hata zile nisizozielewa.