Shangazi, msibani wametuita watoto wa mtumwa

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi msomaji wako wa huku Tukuyu, nina miaka 34. Mwezi uliopita tulikuwa na msiba wa baba mkubwa, siku ya tatu tumekaa kwenye turubai tunakula, ukazuka ubishi wa shamba la migomba ambalo baba analima miaka yote, basi baba mdogo mmoja wa upande wa pili wa ukoo akasimama akasema nyie mnaongea nini wakati bibi yenu alinunuliwa kwa nguo, mtoto wa mtumwa hana shamba. Watu kimyaaa. Baba akaweka sahani chini, nyama hajaigusa, akaondoka. Toka siku ile haendi kikao cha ukoo wala kanisani, anashinda kwenye migomba anakata majani, saivi anakata hadi mabichi. Mama anasema tuyaache, ya kale hayanuki. Huyo bibi ndo aliyemzaa babu yangu, tunachojua aliletwa mtoto mdogo kutoka upande wa ziwani, jina hatulijui, wanamwita tu "yule wa kuja". Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na msiba na pole kwa hilo lililofuata. Mama yako namheshimu ila hapa simuungi mkono, maana ya kwenu yameshanuka tena mbele ya masufuria. Na hii ya "zamani sana, sahauni" huwa inasemwa na ambaye hakuumia. Waulize watu wa Iringa, Mkwawa alikufa 1898, kichwa kikachukuliwa na Wajerumani, kikarudi Kalenga 1954, yani miaka 56 na bado watu walikuwa wanakidai.

Sasa huyo bibi. Miaka hiyo upande wa Karonga, kule Malawi kando ya Ziwa Nyasa, kulikuwa na Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watu, mwaka 1887 watu wake waliwashambulia Wangonde, wenyeji wa kule ziwani, vijiji vikachomwa, wanawake na watoto wakatekwa, na uvamizi wake haukuisha mpaka aliponyongwa mwishoni mwa 1895. Sisemi bibi yenu alipita mikononi mwake, sijui, ila mtoto wa kike kutoka ziwani enzi zile kubadilishwa kwa nguo halikuwa jambo la ajabu. Wapo waliotekwa hivohivo, akina Chisi na Narwimba, masimulizi yao yaliandikwa na mama mmoja mmisionari wa Moravian, Elise Kootz-Kretschmer, aliyeishi Utengule huku kwetu Mbeya. Ukiyasikia unaona kitu kimoja, hawa wanawake hawakukaa kulia tu, walikuwa wanatafuta mtu wa kumshika, mume, misheni, mkwe, ilimradi watoto wao wasiuzwe tena. Bibi yenu alipata mume akazaa babu yako, babu akamzaa huyo anayekata majani. Aibu ya kununuliwa ni ya aliyenunua, na baba mdogo kwa kuropoka vile amemtaja babu yake mwenyewe bila kujua (ningekuwepo ningemuuliza, nguo zilitoka nyumba ya nani?).

Kuhusu shamba usihangaike na matusi. Waingereza walifuta utumwa Tanganyika kwa sheria ya 1922, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haina kipengele cha kuuliza bibi aliletwaje. Anzeni baraza la ardhi la kijiji, la kata siku hizi ni kusuluhisha tu, mkishindwana mnaenda la ardhi na nyumba la wilaya. Tafuteni majirani wazee waliomuona babu akilima pale.

Lakini baba hatapona kwa hati. Usimwambie "baba sahau" na usimkalishe kikao, nenda na panga lako mkate majani wote, kimya hata siku mbili tatu, akianza kuongea msikilize. Asipolala au akianza kunywa mpelekeni hospitali, hilo nalo ni ugonjwa. Halafu shangazi yake baba, kama yupo hai, mpelekee sukari kilo mbili na khanga, washa simu urekodi, muulize yule wa kuja alikuwa anaimba nini akibembeleza watoto, kwa lugha gani, mgomba wa kwanza aliupanda wapi. Na kanisani waulize kama vitabu vya zamani vya ubatizo bado vipo, wengi wa aina yake walibatizwa.

Ukipata jina, mwambie baba kwanza kabla ya mtu yeyote. Mimi niandikie baadaye.