Re: Marafiki wanataka kutuchangia tuasili mtoto, tukubali?

Dada hongera sana. Kwa hiyo wenzako wa grupu la WhatsApp wako tayari kuchanga ila mumeo anaona aibu, mwambie sisi Wabongo tunachangia harusi mpaka kicheni pati, ije ishindikane kwa mtoto? Pokeeni. Ila kwanza nenda kwa afisa ustawi wa jamii akuelezee hatua zote, maana amri ya kuasili inatolewa na Mahakama Kuu na hapo ndo hela inapoishia, wakili, nauli za kwenda na kurudi, kutoa kopi, halafu kuna maziwa na pampasi kwa sababu mtoto anaanza kukaa kwenu chini ya uangalizi kabla shauri halijaisha. Mtoto mwenyewe hauzwi, Sheria ya Mtoto ya 2009 haina mchezo huo, yeyote akikwambia "tuma ya kumtoa" kimbia. Hela washike watu wawili, sio wewe, na mahesabu yawekwe grupuni kila wiki (sisi mweka hazina alizima simu, mpaka leo). Halafu picha ya mtoto msiirushe kuombea michango, bado si wenu kisheria na akikua ataikuta.