Wasomaji Wauliza: Hadithi ya Bibi Ikiingia Kitabuni

Nimeandika hadithi ya Sungura na Fisi kama bibi anavyoisimulia, neno kwa neno. Akisimulia yeye, ua zima hucheka. Nilipowasomea watoto wa darasa la pili walipiga miayo. Kosa liko wapi? — *Msomaji, Langoni, Lamu*

Kosa ndugu yetu limo humo humo katika "neno kwa neno". Bibi hasimulii kwa maneno peke yake. Akisema "akaenda, akaenda, akaendaaa", sauti inashuka, mkono unaonyesha mbali, na mtoto anaiona safari. Kwenye karatasi hayo ni maneno matatu yanayofanana, na jicho huyaruka.

Basi yatandaze. "Akaenda" ya kwanza ipe ukurasa wa mikokoni, ya pili ukurasa wa mchanga, ya tatu ukurasa wenye Fisi ameketi kivulini. Kupindua ukurasa ndiko kunakoshika nafasi ya pumzi ya bibi. Kwa hiyo swali liweke mwisho wa ukurasa wa kulia ("Ni nani aliyekuwa chunguni?") na jibu nyuma yake. Vyote viwili vikitazamana, mtoto ameshaona picha ya jibu kabla hujamaliza kusoma swali.

Kabla ya kuandika tena, chukua karatasi 8 za A4, zikunje katikati, uzishone kwa uzi. Una kurasa 32, na vitabu vingi vya picha vina idadi hiyo kwa kuwa karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa ikatoa kurasa 16, na karatasi mbili za namna hiyo ni 32. Ukurasa wa 1 ni wa jina, wa 2 wa hakimiliki, wa 3 wa kufungulia hadithi. Kuanzia wa 4 hadi wa 31 unabaki na jozi 14 za kurasa zinazotazamana. Ukitia maneno 40 kwa kila jozi, hadithi nzima ni maneno 560. Waandishi wapya hutuletea 2,000, nusu yake yakieleza kile ambacho mchoraji atakionyesha. Ikiwa picha itaonyesha kilemba chekundu, kifute katika maneno.

Kisha soma kwa sauti mbele ya watoto, penseli mkononi. Wakianza kuchezea viatu, weka alama hapo. Usiwaulize kama wameipenda, maana mtoto aliyelelewa vizuri atakwambia ndiyo.

Niandike Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, au Kiswahili sanifu? Mwalimu mmoja ameniambia Kiamu kitawapoteza watoto wa bara. — *Mama wa wawili, Shela*

Masimulizi yaandike kwa sanifu, hasa ukitaka kitabu kifike shuleni. Nyimbo ziache zilivyo. Tazama kibwagizo hiki tulichokitunga kwa mfano:

*Ndooni mmoya mmoya,*
*wanangu, musione haya.*

Kisanifishe: "Njooni mmoja mmoja, wanangu, msione haya." Mizani, yaani hesabu ya silabi, imebaki 9 kwa 9, ila kina cha "-ya" kimekufa, na mtoto hana tena pa kushikia wimbo. Mtoto wa Kitui hatapotea kwa sababu ya "ndooni" ikiwa picha inaonyesha mama akipunga mkono. Usiweke faharasa kwa ajili ya maneno mawili.

Hadithi ni ya bibi, bibi ni wa mtaa, na nimeikuta pia katika kitabu cha zamani. Ni ya nani? — *Msomaji, Malindi*

Kisa hakina mwenyewe mmoja, lakini maneno yana mwenyewe. Ngano alizokusanya askofu Mwingereza Edward Steere Zanzibar na kuzichapisha London mwaka 1870 ziko huru kutumiwa na yeyote, kwani alifariki 1882. Kitabu cha mwandishi aliye hai si huru, hata kama Sungura ni yule yule: Kenya hakimiliki hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake.

Njia salama ni kusikiliza wasimulizi watatu wasiokaa nyumba moja. Kinachotokea kwa wote watatu ni mali ya ngano. Mzaha uliousikia kwa mmoja tu, mathalani Fisi kuazima kanzu ya harusi, ni ubunifu wake, nao hauutii kitabuni bila idhini yake. Omba ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti, kisha muulize bibi jina lake uliandike vipi. Wapo wasiotaka liandikwe. Kumbuka pia kwamba tangu 2016 Kenya ina sheria inayolinda sanaa za jadi za jamii, kwa hiyo kitabu cha kuuzwa kianze kwa kuzungumza na wazee.

Mchapishaji amenipa mrabaha, yaani fungu langu kwa kila nakala inayouzwa, wa asilimia 10. Nitie saini? — *Msomaji, Matondoni*

Asilimia 10 ya nini? Kitabu kikiuzwa shilingi 400 na hesabu ikatoka kwenye bei ya dukani, una shilingi 40 kwa nakala. Ikitoka kwenye kile anachopokea mchapishaji, naye amempunguzia mwenye duka asilimia 35, hesabu inaanzia 260 na wewe unapata 26. Uliza pia kama mchoraji analipwa kivyake au mnagawana hiyo hiyo. Majibu yote mawili yaandikwe ndani ya mkataba. Ya kwenye simu hayahesabiki.

Mwishoni Fisi anachemshwa. Nimwokoe? — *Msomaji, Mkomani*

Muache achemke. Ila chungu kiwe kimefunikwa kwenye picha.