Bastola kiunoni, mpwa kando

Ndugu uliyeuliza kuhusu kuwinda Texas na mpwa wako wa miaka 14 huku bastola ikionekana kiunoni: kwako wewe hakuna shida. Tangu Septemba 2021 mwenye miaka 21 na zaidi, asiyezuiliwa na sheria, hahitaji kibali, mradi bastola iwe ndani ya ala.

Mambo hubadilika ukimpa kijana aishike. Sheria ya shirikisho ya 1994 inamkataza aliye chini ya miaka 18 kuwa na bastola. Uwindaji unaruhusiwa, lakini sharti awe na idhini ya mzazi ya maandishi, tena aibebe mwilini muda wote. Wewe ni mjomba tu, basi aandike dada yako. Bunduki ndefu hazimo katika katazo hilo.